Huduma ya Kwanza kwa Mgonjwa Yupi? Uhakiki wa Mazoezi ya Kiingereza ya Mtihani katika Mazingira ya Woodley, Nairobi

Utangulizi

Zoezi la lugha ni andiko kama maandiko mengine. Lina mtunzi na hadhira, lina umbo lisilobadilika sana, na lina mtazamo wake juu ya ulimwengu hata pale linapodai kwamba halina. Hata hivyo wahakiki wa Afrika Mashariki hawajalipa nafasi kubwa katika kazi zao. Ushairi, riwaya na tamthilia zimechambuliwa kwa kina, ilhali karatasi ya mazoezi ambayo mtoto wa Kenya huisoma mara nyingi kuliko shairi lolote imeachiwa walimu na wachapishaji. Matokeo yake ni kwamba utanzu wenye wasomaji wengi kupita tanzu zote nchini umekua bila ya kuulizwa swali.

Makala haya yanakusudia kulihakiki zoezi la Kiingereza la kujiandalia mtihani katika vipengele vyake vitatu vya kawaida, yaani sarufi, msamiati na ufahamu. Mtaa wa Woodley ulioko magharibi ya jiji la Nairobi umechukuliwa kuwa mahali pa kulipimia zoezi hilo, kwa sababu hapo lugha nyingi hukutana katika eneo dogo. Mwishoni makala yatageukia Kiswahili chenyewe, kwani inaelekea kwamba ugonjwa unaodhaniwa kuwa wa somo la Kiingereza umekwisha kuingia katika somo letu.

Mahali na historia yake

Woodley ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wakazi wa Kizungu, ikapewa jina la aliyekuwa meya wa Nairobi. Baada ya Uhuru waliingia Waafrika, na jina la Joseph Kang'ethe, aliyekuwa kiongozi wa chama cha KCA, likapewa barabara ya hapo. Upande mmoja iko Barabara ya Ngong na upande wa pili iko Kibera, makazi yaliyoanzishwa na askari wa Kisudani mwanzoni mwa karne ya 20. Wazao wao, Wanubi, ndio waliopaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Leo Woodley na Kibera zimo katika eneo bunge moja. Mtoto wa hapo huweza kusikia Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Kikuyu kabla ya kufika shuleni, akacheza kwa Kiswahili na Sheng, kisha akaketi darasani na kuulizwa kwa Kiingereza.

Hali hiyo haikuzuka yenyewe. Mwaka 1957 ilianzishwa jijini Nairobi taasisi iliyoitwa Special Centre ili kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia. Mpango huo, ulioenezwa baadaye kwa jina la New Primary Approach, ulisifiwa kwa kuwapa watoto shughuli na michezo badala ya kukariri. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha za nyumbani katika miaka mitatu ya kwanza, na Kiswahili katika miji yenye mchanganyiko wa makabila.

Lakini sera ni jambo moja na mtihani ni jambo jingine. Katika mtihani wa CPE, uliofanywa mwisho wa darasa la saba kabla ya mfumo wa 8-4-4, Kiingereza kilikuwa na karatasi yake, pamoja na hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo kabisa. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, na kwa jibu hilo mtoto alipita kwenda sekondari au alirudi nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o amelieleza jambo hili katika Decolonising the Mind, kitabu kilichotoka 1986: katika elimu ya kikoloni aliyefaulu masomo mengine yote akashindwa Kiingereza alihesabiwa kuwa ameshindwa yote. Zoezi la Kiingereza lilizaliwa chini ya tishio hilo, na michezo ya mpango wa 1957 haikuweza kushindana nalo.

Kitabu cha Maciver

Hapana kitabu kinachouonyesha utanzu huu waziwazi kuliko First Aid in English cha Angus Maciver, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza Glasgow mwaka 1938. Kimechapishwa tena na tena, kikaenea katika makoloni ya Uingereza, na nchini Kenya kimesomwa na vizazi kadhaa. Nakala zake kuukuu zimekuwa zikipita mkono kwa mkono, kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake.

Jina la kitabu lina maana ya huduma ya kwanza, yaani msaada apewao majeruhi kabla ya kufika kwa mganga. Istiara hiyo yafaa izingatiwe. Inachukulia kwamba yuko mtu mzima wa afya aliyepata jeraha dogo, na kwamba bendeji ikifungwa atainuka na kwenda zake. Kwa mtoto wa Uskoti wa 1938 istiara hiyo ilikuwa na mantiki. Hata kama alizungumza lahaja ya kwao, Kiingereza kilimzunguka kanisani, dukani na gazetini, naye alihitaji kurekebishwa hapa na pale. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kitabu ni orodha: majina ya kiume na ya kike, umoja na wingi, majina ya makundi, makao ya watu na wanyama, sauti za wanyama, tashbihi, methali, vinyume. Orodha humkumbusha mtu kile alichokwisha kukijua nusu.

Mtoto wa Woodley hakujeruhiwa. Ana lugha tatu au nne zenye afya kamili, na Kiingereza ni lugha nyingine anayoijenga upya tangu msingi. Kumpa orodha za kukumbushia ni kumpa bendeji mtu anayehitaji chakula. Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kwanza wa utanzu huu: umemkosea msomaji wake. Kosa hili halikuwa la Maciver, ambaye aliwaandikia watoto wa kwao. Ni la wale waliokihamisha kitabu bila ya kuuliza mgonjwa ni nani, na la waigaji waliotunga vitabu vipya kwa kiolezo kilekile.

Sarufi: sentensi isiyo na msemaji

Sentensi ya zoezi la sarufi ina sifa moja kuu, nayo ni kwamba haisemwi na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Inasimama peke yake, ina pengo katikati, na chini yake yako majibu manne. Jibu likipatikana sentensi imekwisha kazi. Haiendelei kuwa kisa wala haijibiwi.

Hata hivyo upweke wa sentensi ungevumilika kama pengo lingewekwa mahali ambapo mwanafunzi huyu hujikwaa. Mara nyingi haliwekwi hapo. Chukua mfano wa jinsia. Orodha hufundisha majina ya kike ya watu wa jumba la kifalme na ya wanyama wasioonekana Kenya. Lakini anayezungumza Kiswahili hana haja ya kutofautisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. "Yeye" na kiambishi "a-" huwatosha wote wawili. Shida yake halisi katika Kiingereza ni kushika kiwakilishi kilekile tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho, asije akamfanya mama kuwa baba katikati ya aya. Shida hiyo haionekani katika sentensi moja. Huonekana katika masimulizi, na masimulizi hayana nafasi katika zoezi.

Mfano wa pili ni wakati wa kitenzi. Katika Kiswahili mtu aliye usingizini sasa husemwa "amelala", na aliye wima husemwa "amesimama". Kiambishi "-me-" kinataja tendo lililokamilika na hali inayoendelea kutokana nalo. Kiingereza hutaka umbo jingine kwa hali hiyo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba wakati uliotimilika wa Kiingereza ni sawa na "-me-" atapotoka kwa uaminifu kamili, naye atapewa sufuri bila ya kuelezwa kosa lilikotoka.

Mfano wa tatu ni mahali. "Yuko nyumbani", "ametoka nyumbani" na "amekwenda nyumbani" zina neno moja lenye "-ni" moja. Kitenzi ndicho kinachobeba tofauti. Kiingereza huibebesha tofauti hiyo vihusishi. Kwa hiyo mwanafunzi anayechagua kihusishi kibaya anaitafuta tofauti katika kitenzi, kama alivyozoea. Hawezi kuitwa mvivu. Mfano wa nne ni jibu la swali la kukanusha. Ukimwuliza mtoto "Hujala?" naye hajala, atajibu "Ndiyo, sijala", kwani anaafiki kauli. Kwa Kiingereza angepaswa kukana. Jambo hili huleta kutoelewana kila siku baina ya mwalimu na mwanafunzi, na ni nadra kulikuta katika mazoezi, kwa sababu halihitaji pengo bali watu wawili wanaozungumza.

Mifano hii minne yajulikana na kila mwanaisimu. Inashangaza basi kwamba maarifa ya isimu linganishi, yaliyofundishwa katika vyuo vyetu kwa miaka mingi, hayajashuka hadi katika karatasi ya mazoezi.

Msamiati: neno lisilo na kitu

Msamiati wa mtihani hupangwa katika jozi: mnyama na makao yake, mnyama na sauti yake, kundi na jina lake. Mtoto hujifunza kwamba Mweskimo ana nyumba ya barafu kabla ya kujifunza namna ya kuitaja kwa Kiingereza nyumba ya mabati aliyolala jana. Ubaya wa jambo hili hauko katika ugeni wa barafu, kwani mtoto ana haki ya kujua habari za walimwengu wote. Uko katika namna neno linavyofika. Linafika bila ya kitu chake, bila ya kisa wala picha, na kazi yake pekee ni kuitikia neno jenzake. Baada ya mtihani jozi huvunjika na maneno yote mawili hupotea.

Linganisha na namna mtoto huyohuyo anavyojifunza maneno sokoni Toi, hatua chache kutoka Woodley. Hapo hujua majina ya aina za nguo, ya bei, ya kasoro za kitambaa na ya hila za wauzaji, naye hayasahau kwa kuwa kila neno limefungwa na tendo. Nguvu hiyo ya kujifunza anayo. Zoezi halijui kuitumia.

Ufahamu: kusoma bila msomaji

Kifungu cha ufahamu ndicho sehemu ya zoezi iliyo karibu zaidi na fasihi, na kwa hiyo ndicho chenye kuhuzunisha zaidi. Katika KCPE, mtihani uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, karatasi ya lugha ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kujibiwa kwa saa moja na dakika 40. Katika miaka yake ya mwisho 15 ya kwanza yalikuwa ya kujaza mapengo ndani ya kifungu, yakifuatwa na 10 ya sarufi na msamiati, na nusu iliyobaki ilikuwa ya vifungu viwili vya ufahamu. Insha ilikuwa na karatasi yake ya dakika 40.

Asili ya kujaza mapengo yafaa ikumbukwe. Mbinu ya kloze ilibuniwa na Wilson L. Taylor wa Marekani mwaka 1953, naye aliikusudia kupima urahisi wa maandishi. Maneno yalifutwa kwa hesabu maalumu, na wasomaji wengi wakishindwa kuyarudisha, lawama ilikuwa ya maandishi. Katika mtihani mambo yamegeuzwa: wasomaji wakishindwa, lawama ni yao. Chombo cha kumhukumu mwandishi kimekuwa chombo cha kumhukumu msomaji, na kifungu chenyewe hakihukumiwi tena.

Vivyo hivyo maswali ya ufahamu humfundisha mtoto kusoma kinyumenyume. Walimu wengi humshauri aanze kwa maswali, kisha arudi katika kifungu kutafuta maneno yanayofanana. Kwa mtihani ushauri huo ni wa busara. Kwa kusoma ni msiba, kwani kisa hakisomwi hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa nini mhusika alidanganya? Je, msimulizi aaminiwe? Maswali haya hayana jibu moja kati ya manne, na kwa hiyo hayaulizwi. Katika KCSE tatizo limefika hatua ya ajabu: stadi za kusikiliza na kuzungumza hupimwa kwa kalamu na karatasi, na mwanafunzi hutakiwa kuandika ni wapi angepaza sauti.

Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo cha Nairobi ivunjwe, ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Madai hayo yalibadilisha orodha za vitabu vya chuo na za sekondari. Hayakugusa namna ya kusoma inayofundishwa darasa la sita. Mwandishi wa Kiafrika aliingizwa katika kifungu cha ufahamu, naye akasomwa kwa jicho lilelile la kutafuta jibu.

Kivuli juu ya Kiswahili

Hapa ndipo wasomaji wa jarida la lugha za Kiafrika wanapopaswa kuyaangalia mambo yao wenyewe. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la mtihani chini ya mfumo wa 8-4-4, lilikuwa jambo la kushangilia. Lakini karatasi yake katika KCPE ilifanana na ile ya Kiingereza kwa idadi ya maswali, kwa muda, na kwa mapengo. Vitabu vya marudio vilifuata. Yeyote atakayeziweka orodha hizo kando kwa kando ataona kwamba nomino za makundi, vikembe vya wanyama, makao, malipo na tashbihi za Kiswahili zimekatwa kwa kiolezo cha Glasgow.

Hasara yake inaonekana katika neno mojamoja. Wanafunzi hukariri kwamba kundi la nyota ni "thurea". Neno hilo lina asili ya Kiarabu, ambamo ni jina la kundi maalumu la nyota, lile ambalo Waswahili huliita "kilimia" kwa kuwa lilimwonyesha mkulima majira ya kulima. Orodha imelitupa neno lenye jembe na mvua ndani yake, ikashika neno la kujazia pengo. "Mtungo wa samaki" nao hukaririwa na mtoto asiyeambiwa kwamba mvuvi huwatunga samaki katika kamba ili awabebe. "Chane" na "mkungu" hutajwa bila ya kuonyeshwa kwamba chane huchanwa kutoka katika mkungu. Na "beberu" hukaa kimya katika orodha ya wanyama wa kiume, kana kwamba halikuwahi kupanda jukwaani na kumtaja mkoloni.

Kwa hiyo lugha iliyopigania nafasi yake dhidi ya Kiingereza imekubali kupimwa kwa kipimo cha Kiingereza, tena kipimo kilichokwisha kumfaa vibaya mtoto huyohuyo. Msemaji wa Kiswahili wa Woodley, ambaye anakitumia kwa ufundi tangu asubuhi hadi jioni, huweza kupata alama duni katika lugha yake kwa kuwa hajui jina la kikembe cha mnyama ambaye hajawahi kumwona.

Utetezi wa zoezi

Si haki kumaliza bila ya kuusikiliza upande wa pili. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kusahihisha masimulizi ya kila mtoto kila siku. Orodha na pengo humwezesha kufanya kazi. Zaidi ya hayo, zoezi lina usawa wake. Mtoto ambaye wazazi wake huzungumza Kiingereza mezani huzipata kanuni bila ya kuzitafuta. Yule wa chumba kimoja cha Kibera hana pengine pa kuzipata ila katika karatasi ile. Kwake zoezi ni ngazi, na wako waliopanda kwa ngazi hiyo hadi chuo kikuu. Mhakiki anayelidharau zoezi akiwa amekwisha kupanda angefaa ajichunge, asije akawa anaiondoa ngazi huku wengine wangali chini.

Hoja hii ina uzito, na haijibiwi kwa kauli za kizalendo peke yake. Jibu lake ni kwamba anayeitegemea ngazi zaidi ndiye anayedhuriwa zaidi na ngazi mbovu. Mtoto mwenye Kiingereza nyumbani hudhurika kidogo na orodha ya bure, kwani ana pengine pa kujifunzia. Asiye na pengine hupoteza saa zake zote. Kwa sababu hiyohiyo ya usawa, zoezi la maskini ndilo linalostahili kutungwa kwa elimu kubwa kuliko yote.

Hitimisho

Zoezi la Kiingereza lilivyo limerithi msomaji asiye wetu. Sarufi yake hukwepa mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hujikwaa. Msamiati wake hutenga neno na kitu. Na ufahamu wake hufundisha kutafuta badala ya kusoma. Mtihani wa KCPE umekwisha kuondoka, lakini kuondoka kwa mtihani hakuondoi utanzu uliolelewa nao. Watungaji ni walewale, na wachapishaji hubadilisha jalada haraka kuliko wabadilishavyo maswali.

Mambo mawili yanaweza kufanywa na idara za lugha bila ya kungoja tume nyingine. Kwanza, tofauti za miundo ya Kiswahili na Kiingereza, kama zile nne zilizotajwa hapo juu, zikusanywe na kuandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa msingi ataisoma, zikiwa na mazungumzo na masimulizi mafupi yanayozidhihirisha. Pili, orodha za Kiswahili zipitiwe neno kwa neno, kila neno lirudishiwe kazi yake, awe ni mvuvi, mkulima au mfumaji aliyelizaa. Na lile lisilo na kazi liachwe katika kamusi. Kazi ya kwanza itamsaidia mtoto wa Woodley katika Kiingereza, na ya pili itamwondolea aibu ya kushindwa katika lugha anayoota ndoto kwayo. Wanaoweza kuzifanya kazi hizi wako katika idara zetu, na takwimu wanazozihitaji zinazungumzwa nje ya madirisha yao.